Mabano Mawili

Kwa miezi saba, karibu kila usiku, nilikuwa mzee Hamdani, mvushaji wa watu kwenye mto usiokuwamo katika ramani yoyote. Mchana nilikuwa binti wa miaka 26 anayekwepa tasnifu yake. Kundi letu la mtandaoni lilikuwa na watu tisa, tukitunga hadithi moja kwa kuandikiana kwa zamu, kila mtu na mhusika wake. Tulitumia Kiingereza, ingawa kivuko changu kilikuwa Kigamboni tupu.

Nilipoingia hakuna aliyeniuliza jina wala kwetu. Waliuliza tu: mzee wako anaogopa nini? Sijawahi kukaribishwa vizuri hivyo. Nyumbani swali la kwanza ni "wewe mtoto wa nani?", na ukishajibu, watu wameshakumaliza.

Kanuni yetu kubwa ilikuwa moja: maneno yaliyo ndani ya mabano mawili ni ya mwandishi, yaliyo nje ni ya mhusika. Uzio huo una historia ya kuvuja. Mwaka 1993, katika LambdaMOO, ulimwengu uliojengwa kwa maandishi matupu, mshiriki mmoja aliandika ukatili wa kingono dhidi ya wahusika wa wenzake. Hakuna mwili ulioguswa, lakini watu waliumia, na jamii ile ikabishana afanywe nini. Kwangu jibu ni rahisi: maneno yanadhuru. Kilichonisumbua mimi ni wema.

Usiku mmoja muuza chumvi, mhusika wa mwenzetu, alipanda mtumbwi wa Hamdani akasema amechoka, na mto ukimchukua hakuna atakayepungukiwa. Hapakuwa na mabano. Wenzetu wakaisifu sentensi, na kweli ilikuwa nzuri. Nikimjibu kama Hamdani, huenda namwacha mtu azame ili hadithi isikatike. Nikifungua mabano, namvua vazi lililomwezesha kusema.

((Uko salama?))

Dakika kumi.

((Mimi au yeye?))

((Wewe.))

((Leo, ndiyo.))

Tuliandikiana hadi adhana ya alfajiri. Kesho yake hakuonekana, wala wiki iliyofuata. Hapo ndipo nilipoiona bei ya ule ukarimu: sikuwa na mlango wa kubisha. Jirani akinyamaza siku tatu, napiga hodi, nauliza dukani, nampigia mama yake. "Wewe mtoto wa nani?" ni umbeya, sikatai. Pia ndivyo tunavyojua twende wapi msiba ukitokea.

Wiki ya tatu muuza chumvi alitokea ukingoni, akaomba kuvushwa. Hamdani akampa mkono. Kisha nikafungua mabano, nikaandika jina langu, na la mama yangu.

Hajanitajia lake. Sijamwuliza.