Kipimo cha Tabia Nyumbani

Hamu ya kuijua tabia ya mtu kwa njia fupi ni kongwe. Siku hizi huingia nyumbani kwa karatasi ya maswali: mtu hujibu ndiyo au siyo, kisha huambiwa yeye ni wa aina gani. Maswali ya Myers na Briggs wa Marekani, yaliyotokana na mawazo ya Carl Jung ya mwaka 1921, hugawa wanadamu katika aina 16. Je, kipimo chepesi namna hii chaweza kufichua tabia?

Mwaka 1948 Bertram Forer, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwapa wanafunzi 39 maswali ya tabia, kisha akampa kila mmoja maelezo ya nafsi yake. Walipoombwa kuyapima kwa alama zisizozidi 5, wastani ulipita 4. Kumbe wote walipewa maneno yale yale, na mengi yalitoka katika kitabu cha nyota! Basi kuridhika kwa mpimwa si ushahidi wa ukweli wa kipimo.

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii yahusu ukarimu na mpaka wake, lakini ndani yake mna kipimo pia. Jembe halimwulizi mtu ajionavyo. Humwonyesha atendavyo jua likiwa kali. Hata hivyo, jembe nalo lisipewe heshima isiyo yake. Huko Nassa, katika nchi ya Wasukuma kando ya Ziwa Viktoria, kijana azembeaye palizi ya pamba aweza kuwa wa kwanza kuamka usiku kwenda kuvua. Aliyemwona shambani atamwita mvivu. Aliyemwona mtumbwini atamwita hodari. Na wote wawili watakuwa wamepima siku, hawakupima mtu.

Hatari ya kipimo chepesi si mchezo wake, bali ni jina kiliachalo. Mtoto aitwaye mvivu hunyimwa kazi ya dhamana. Na anyimwaye dhamana hukosa mahali pa kuonyesha kinyume. Jina lililoanza kuwa kipimo huishia kuwa kifungo.

Kwa hiyo kipimo cha nyumbani chaweza kuanzisha mazungumzo, wala hakiwezi kuyamaliza. Tabia hujulikana kwa matendo mengi, mahali pengi, kwa muda mrefu. Na apimaye hana budi kuwa tayari kufuta alichokwisha kuandika.