Karatasi za Nyumba na Imani ya Mkristo

Mwisho wa maziko, kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa familia husimama na kutangaza: kama kuna mtu aliyekuwa akimdai marehemu, au aliyekuwa akidaiwa na marehemu, afike kwa wanandugu wazungumze. Nimesimama kando ya makaburi mengi hapa Msangano na katika vijiji vya jirani, na tangazo hilo limenifundisha jambo moja. Wanaodai huja. Wanaodaiwa, wanaokuja ni wachache sana.

Miaka michache iliyopita tulimzika mzee mmoja wa usharika wetu, mkulima wa mpunga na ufuta, mtu aliyependwa. Nilihubiri mimi. Niliwaambia wafiwa kwamba Mungu huwatetea wajane na yatima, na niliamini kila neno nililolisema. Wiki ya pili mjane wake alikuja nyumbani kwangu amebeba kiroba cha unga. Ndani yake hamkuwa na unga. Mlikuwa na karatasi zote za maisha yao ya ndoa: kadi za kliniki za watoto, risiti za mbolea, stakabadhi za mauzo ya ufuta, cheti cha ndoa kilichokunjwa mara nne, na mkataba wa kununulia shamba la bondeni. Mchwa walikuwa wameula mkataba ule upande mmoja, na upande ulioliwa ndio uliokuwa na majina ya mashahidi.

Mtu mmoja alikuwa amemjia na karatasi yake mwenyewe, akisema shamba lile marehemu aliliweka rehani kwake. Mama yule aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Baba Mchungaji, mume wangu hakuniambia kitu. Sijui kama nimwite huyu mtu mwongo, au nimshukuru kwa kuwa alisubiri tumalize matanga."

Wazee walikaa wakasuluhisha. Nusu ya shamba ilikwenda. Mpaka leo sijui nani alikuwa na haki. Mwaka uliofuata kijana wao alipata nafasi ya chuo. Alipotaka kuomba mkopo wa serikali akiwa amefiwa na baba, alidaiwa cheti cha kifo cha baba yake, na familia haikuwahi kukichukua. Nauli za kupanda Tunduma na kurudi zilitoka kwenye mahindi ya chakula.

Nilikaa na jambo hilo moyoni. Mahubiri yangu kaburini yalikuwa kweli, lakini hayakuwa na mikono. Ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo chuo cha theolojia hakikunifundisha kuliuliza: je, kupanga karatasi za nyumba ni jambo la imani, au ni jambo la dunia tu?

Pingamizi la wazee

Nilipolileta suala hili kwenye kikao, nikapendekeza kila nyumba iwe na faili moja la kutunzia karatasi zake na kuandika mambo yake, mzee mmoja wa kanisa alinijibu kwa upole. Alisema, "Mchungaji, mtu anayekusanya vyeti na kuandika madeni yake anajiandaa kufa. Huko ni kujichuria. Tena Bwana Yesu alitukataza kusumbukia ya kesho."

Pingamizi hilo lina mambo mawili, na yote mawili yanastahili jibu.

La kwanza ni uchuro. Wengi wetu tunaogopa kwamba kukitaja kifo ni kukiita. Lakini msomeni mfalme Hezekia (Isaya 38). Aliugua, nabii akamjia na kumwagiza atengeneze mambo ya nyumba yake kwa sababu atakufa. Kama kuna mtu aliyetamkiwa kifo waziwazi, ni yeye. Hata hivyo aliomba, na Mungu akamwongezea miaka 15. Siku zetu hazimo katika karatasi tunazozipanga. Zimo mikononi mwa Mungu. Anayeogopa kuandika wosia kwa sababu ya uchuro ameipa kalamu nguvu ambayo Mungu hakuipa.

La pili ni zito zaidi. Ni kweli Bwana alitukataza kusumbuka (Mathayo 6). Lakini kusumbuka na kutunza ni vitu viwili. Mkulima anayetenga mbegu kabla ya kuuza mpunga wake hatusemi amekosa imani. Anayekosa usingizi akihesabu magunia ya mwenzake, huyo ndiye anayesumbuka. Na mara nyingi nyumba isiyo na mpangilio ndiyo yenye masumbuko mengi: kila Januari mtu anapekua chini ya godoro akitafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kila msimu anatafuta namba yake ya usajili wa mbolea ya ruzuku. Mpangilio huyaondoa masumbuko mengi ya namna hiyo, moyo ukabaki na nafasi ya kusali.

Nabii aliyetunza hati

Katika Biblia nzima sijaona mahali panapogusa jambo hili kama Yeremia 32. Yerusalemu ilikuwa imezingirwa na jeshi la Babeli. Yeremia mwenyewe alikuwa kifungoni katika uwanda wa walinzi. Binamu yake Hanameli akamjia, amuuzie shamba la Anathothi. Fikirini: shamba katika nchi inayotekwa, linauzwa kwa mtu aliyefungwa! Mungu akamwambia alinunue. Yeremia akapima shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi. Zilikuwa nakala mbili, moja imetiwa muhuri na moja iko wazi. Akamkabidhi Baruku, akamwagiza aziweke katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Sisi tunaoishi na mchwa tunaelewa maana ya chombo cha udongo.

Yeremia hakutunza hati kwa sababu alimtegemea mfalme, wala kwa sababu alitarajia kulilima shamba lile mwenyewe. Aliitunza kwa sababu Mungu alikuwa ameahidi kwamba nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Hati ile ilikuwa tendo la tumaini. Ilisema: baada yangu watakuwapo watu hapa, na Mungu atakuwa nao, nao watahitaji kujua lipi ni la nani. Anayetupa karatasi ovyo anaishi kana kwamba baada yake hakuna mtu.

Wosia wa Luther

Sisi Walutheri tuna ushuhuda wa nyumbani pia. Martin Luther aliandika wosia wake mwezi Januari 1542, akimwachia mkewe, Katharina, nyumba na mali, na kumwamini awe mlezi wa watoto. Alikuwa amewaona wanasheria na hakuwapenda, kwa hiyo aliuandika mwenyewe bila kufuata taratibu zao. Upendo ulikuwa mwingi, utaratibu ulikuwa pungufu. Alipofariki mwezi Februari 1546, wosia ule ulileta shida, kwa kuwa haukukidhi sheria za Saxony za wakati ule, nazo sheria hizo hazikumpendelea mjane. Katharina alihitaji mtawala Johann Friedrich authibitishe.

Nasema hivi bila kumdharau baba yetu wa imani. Ni Luther huyuhuyu aliyeandika katika Katekisimo Ndogo ya 1529, akiieleza amri ya tisa, kwamba tusivizie urithi wala nyumba ya jirani yetu kwa hila inayovaa sura ya haki. Angalieni sana maneno hayo, sura ya haki. Anayemnyang'anya mjane leo mara nyingi haji na panga, anakuja na karatasi. Basi jirani anayetaka kuilinda amri hiyo atamsaidia mjane awe na karatasi ya kweli ya kujibu ile ya hila. Kujua kwamba jambo ni haki hakutoshi, na hata upendo wa Luther kwa mkewe haukutosha.

Karatasi niliyoificha

Sasa ni lazima nijiseme mwenyewe, maana nisiposema nitakuwa nimewahubiria wengine.

Baada ya mambo ya mjane yule, mke wangu aliniambia, "Tuanze na nyumba yetu." Alinunua faili kubwa lenye vyuma na vifuko vya plastiki, akaanza kukusanya. Mimi nilikuwa na karatasi moja ambayo sikutaka iingie humo. Nilikuwa nimemdhamini rafiki mkopo katika chama cha akiba. Aliposhindwa kulipa, makato yaliangukia kwangu, kidogo kidogo kila mwezi, na sikumwambia mke wangu. Karatasi ile nilikuwa nimeiweka ndani ya kitabu cha theolojia ambacho nilijua hatakifungua. Kila alipouliza mbona fedha haitoshi, nilijibu kwamba maisha yamepanda.

Siku tatu nilijisemea kwamba namlinda asiumie. Siku ya nne nilikubali kwamba ninayemlinda ni mimi. Nikaitoa, nikaiweka mezani. Hakupiga kelele. Aliisoma, akaniuliza, "Ungekufa, huyu mtu angekuja kunieleza mimi kaburini?" Nikalikumbuka tangazo la msemaji wa familia, nikanyamaza.

Hapo nilielewa kwamba faili la nyumba si kazi ya gundi na vyuma. Kupanga karatasi kunachukua mchana mmoja. Kinachochukua miaka ni ule ukweli ambao karatasi inaudai. Tunasema hatuna muda wa kupanga, na mara nyingi maana yake ni kwamba kuna karatasi tusiyotaka ionekane.

Namna ya kulifanya

Kwa kuwa wengi mmeniuliza, naeleza kwa ufupi tunavyofanya nyumbani.

Sehemu ya kwanza ni watu: vyeti vya kuzaliwa, vya ubatizo, vya kipaimara na vya ndoa, namba za vitambulisho vya taifa, na vyeti vya vifo vya waliotutangulia. Ya pili ni ardhi na mali: hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba, mikataba ya kununulia, kadi ya pikipiki. Kumbukeni kwamba hati ya kimila inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaweza kubeba majina ya mume na mke pamoja. Muulizeni mtendaji wa kijiji. Ya tatu ni shule, ya nne ni afya, na ya tano ni mauzo na pembejeo. Ya sita ni madeni, yale tunayodaiwa na yale tunayodai, na hapa tunaandika hata elfu kumi. Ya saba ni wosia. Kwa wosia msitegemee busara zenu tu, mkumbukeni Luther. RITA huandika na kuhifadhi wosia, waulizeni.

Ukurasa wa mbele kabisa una orodha ya kazi za mwaka na jina la mhusika: nani analipa ada, nani anapeleka mtoto kliniki, nani anafuatilia chanjo ya ng'ombe, nani anateka maji. Tulipoiandika mara ya kwanza, jina la mke wangu na la binti yetu yalijaa ukurasa. Langu lilionekana mara tatu. Sikuhitaji mhubiri wa kunieleza.

Kama Yeremia, tuna nakala mbili, moja nyumbani ndani ya ndoo yenye mfuniko na moja kwa ndugu tunayemwamini. Kila juma la kwanza la Majilio, mwaka wa Kanisa unapoanza, tunalifungua faili mezani watoto wakiwapo, tunalirekebisha, tunaomba.

Karatasi isiyotunzwa

Nimalizie kwa onyo na kwa faraja.

Onyo ni hili: yule tajiri mpumbavu wa Luka 12 alikuwa na hesabu zake vizuri. Alijua mavuno yake, alijua ukubwa wa ghala zake, alikuwa na mpango wa miaka mingi. Faili zuri halimwokoi mtu. Linaweza hata kuwa sanamu, tukadhani tumeikamata kesho kwa vyuma viwili.

Faraja ni hii. Mtume Paulo anawaambia Wakolosai kwamba ilikuwapo hati ya kutushitaki, na Kristo ameiondoa kwa kuigongomea msalabani (Wakolosai 2:14). Katika sehemu ya madeni ya nyumba ya Mungu, ukurasa wetu umefutwa. Kwa hiyo hatupangi karatasi ili tuonekane wema mbele zake. Mungu halihitaji faili lako. Mjane wako ndiye atakayelihitaji, na mwanao, na hata yule jirani uliyemkopa, ili alipwe bila kuitwa mwongo.

Na kwa kuwa deni kubwa limekwisha kufutwa, hatuna sababu ya kuyaficha madogo. Mama yule wa kiroba sasa ana faili lake. Shamba lililobaki lina hati, na juu yake limeandikwa jina lake yeye. Wiki iliyopita alinionyesha sehemu ya sita. Ameandika kwa mkono wake kwamba anadaiwa debe moja la mpunga na jirani, akaongeza chini yake: asiposema yeye, semeni ninyi.