Njia Inayofifia

Katika jimbo la Wyoming, nchini Marekani, iko njia ya kale ambayo leo mtu aweza kuivuka asijue kwamba ameivuka. Ni njia iliyowapeleka wahamiaji Oregon. Tangu miaka ya 1840 hata reli ya kuunganisha mashariki na magharibi ilipokamilika, tarehe 10 Mei 1869, watu laki kadhaa walipita humo na magari yao ya kukokotwa na maksai. Walichukua miezi minne mpaka sita, na wengi wao walikwenda kwa miguu kando ya magari, maana ndani mlijaa unga, mbegu na vyombo vya nyumbani. Kipindupindu kiliwaua wengi, wakazikwa njiani.

Karibu na mji wa Guernsey magurudumu yalikata jiwe la mchanga, hata mifuo yake ikafika kina cha mita moja na nusu. Hapo hakuna awezaye kupotea. Lakini endelea mbele, kuelekea kipito cha South Pass, nawe utaona mambo mengine: nchi kavu, upepo usiokoma, vichaka vya kijivu mpaka upeo wa macho. Vigingi vya kuonyesha njia vimesimama mbali mbali. Mwenye kutembea huko hana budi kujifunza kuisoma ardhi. Hapa majani yana rangi tofauti, kwa kuwa udongo ulishindiliwa. Pale jiwe lina doa la kutu lililoachwa na chuma cha gurudumu. Akikaza macho miguuni pake haoni kitu. Akitazama mbali, hasa jioni jua linapokuwa chini na vivuli kurefuka, bonde jembamba la njia hujitokeza mbele yake.

Wasomaji wapenzi, nabii Yeremia aliwaagiza watu wake wasimame njiani na kuuliza habari za mapito ya zamani; nao wakakataa kuyafuata. Tumewaza neno hilo kwa sababu twawasikia wazazi wa Kikristu wakisema kwamba mtoto akikua atajichagulia mwenyewe njia ya dini. Twasema wazi: maneno hayo yana sura ya hekima, lakini ni uvivu. Mtoto aliyewekwa katikati ya nyika isiyo na alama hachagui kitu, huzunguka tu. Kijijini kwetu, njia ya kisimani ikikosa watu msimu mmoja, majani huifunga. Nyumba ambayo baba hapigi magoti, na Rozari imetundikwa ukutani kama pambo, njia yake imekwisha kuota majani, hata kama watoto wote walibatizwa.

Wako watu waliojua thamani ya njia. Wasalish, ambao Wazungu waliwaita Flathead, walikaa katika milima ya magharibi, mbali sana na padre yeyote. Walisikia habari za sala kwa Wairoki wachache Wakatoliki waliohamia kwao. Basi mwaka 1831 wao na jirani zao walituma wajumbe mpaka St. Louis, zaidi ya kilomita 2,000, kumwomba padre. Wawili walifia huko huko. Wakatuma tena mwaka 1835. Wakatuma mwaka 1837, na wajumbe hao wakauawa njiani. Wakatuma mara ya nne mwaka 1839. Ndipo akaja Padre Pierre-Jean De Smet, wa Shirika la Yesu. Jumapili tarehe 5 Julai 1840, karibu na mto Green, alitoa Misa Takatifu juu ya altare iliyopambwa kwa matawi na maua, mbele ya wenyeji na wawindaji wa ngozi. Mwaka uliofuata alirudi na wenzake watano, mizigo yao ikiwa katika magari, pamoja na mojawapo ya makundi ya kwanza ya wahamiaji. Sisi ambao kanisa liko mwendo wa nusu saa, twajibuje mbele ya wajumbe hao?

Wala hatutaficha lililofuata. Njia ile ile iliyomleta padre iliwaleta pia waliotwaa nchi. Nyati walitoweka, na mwaka 1891 Wasalish waliondolewa katika bonde lao la Bitterroot walikokuwa wamejengewa misioni. Njia haimtakasi kila apitaye. Hilo nalo watoto wetu waambiwe, wasije wakalisikia kwa wengine wakadhani tuliogopa kulisema.

Wazazi wengine hutulalamikia kwa namna nyingine: wamesali na watoto wao miaka mingi, wala hawaoni kwamba wamesogea hata hatua moja. Hao twapenda wajue jinsi South Pass ilivyo. Iko mita 2,260 hivi juu ya bahari, kwenye mgongo wa bara zima, lakini mwinuko wake ni wa polepole, na uwanda wenyewe ni mpana, hata wasafiri wengi walipita kileleni bila kutambua. Walikuwa wakisukuma magari kama jana na juzi. Kilomita chache mbele walifika kwenye chemchemi iitwayo Pacific Springs, wakainama kunywa, wakaona maji yanatiririka kuelekea magharibi.