Stadi za Kuokoka, Porini na Shisanhang

Mwaka 2015 kituo cha Dragon TV cha Shanghai kilirusha kipindi ambamo Mwingereza Bear Grylls aliwaongoza watu mashuhuri wa China porini, na vipindi vya namna hiyo, yaani vinavyoonyesha binadamu akitafuta maji, moto na malazi pasipo zana za kawaida, huwatia vijana wengi wa mijini hamu ya kujipima. Hamu hiyo ni njema, ijapokuwa nyuma ya kamera huwapo waongozaji na matabibu.

Lakini stadi za namna hiyo hazipatikani porini tu. Shisanhang, eneo la jiji la Guangzhou nchini China ambako tangu 1757 hadi 1842 wafanyabiashara wa Ulaya waliruhusiwa kukaa katika nyumba maalumu za biashara tu, nazo zikateketea kwa moto mwaka 1856, leo ni soko la nguo za jumla. Humo wachukuzi husukuma mikokoteni iliyosheheni marobota, wakipenya katika umati bila kumgonga mtu, nao wafanyabiashara wa soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam wanaofuata mzigo Guangzhou hutegemea mabega ya wachukuzi kama hao, ambao kwa hakika wanastahili kutazamwa kwa umakini ule ule anaopewa mwasha moto wa televisheni.