Nani Alisema Lilikuwa Jeupe?

Desemba iliyopita nilipanda matatu ya kwenda Kedowa nikiwa na chupa mbili za dawa ya kupaushia nywele ndani ya begi. Dada aliyeniuzia kule River Road alinitazama kichwa, nywele zenyewe hazifiki hata sentimita moja, akauliza kama ni za bibi. Nikamwambia ni za gari. Akacheka, akanirudishia chenji.

Gari lenyewe unaweza kulishika kwa mkono mmoja. Ni Toyota Celica ya plastiki yenye milia ya nyekundu na kijani, mfano wa yale magari yaliyotamba kwenye Safari Rally miaka ya tisini. Baba alilileta nyumbani 1996. Alikuwa dereva wa lori, akipeleka viazi na kabichi Nairobi, na siku hiyo kabla ya kurudi alipitia Gikomba akalikuta kwenye rundo la mitumba, katikati ya madoli yasiyo na mikono. Miaka miwili kabla yake Ian Duncan, Mkenya, alikuwa ameshinda Safari akiendesha Celica, na kwa baba tangu hapo kila Celica ilikuwa gari la Duncan. Liliwekwa juu ya runinga ya Great Wall, juu ya kitambaa cha kufuma, na sisi watoto tukaruhusiwa kulitazama. Kulishika ilikuwa kesi.

Baba alifariki 2011. Gari lilibaki pale pale, likazidi kugeuka rangi hadi likawa kama chai ya maziwa iliyopoa.

Sasa, nina rafiki Nairobi anayekusanya magari madogo, ana kabati nzima la vioo. Nilimwonyesha picha, akapendezwa, kisha akakunja uso. "Hiyo manjano inaua bei," akasema. "Ipaushe, msee. Ikiwa nyeupe nakupa elfu nane. Na ukimuuzia mtu mwingine, we usiseme kitu." Hilo la mwisho lilinisumbua safari nzima, kuanzia Nakuru hadi Mau Summit.

Niwaeleze kwanza jinsi jambo lenyewe linavyofanyika. Plastiki inayosumbua zaidi ni ile iitwayo ABS, ambayo LEGO wameitumia kutengenezea matofali yao tangu 1963, na ndiyo iliyofunika kompyuta nyingi za zamani. Oksijeni, joto na mionzi ya urujuanimno huibadilisha polepole. Pengine kuna hata kemikali za bromini zilizotiwa ili isishike moto haraka, nazo huchangia. Ndiyo maana kitu kinaweza kugeuka manjano hata kikiwa ndani ya boksi. Tangu mwaka wa 2008 hivi, wapenzi wa kompyuta kuukuu wamekuwa wakieneza dawa yake: haidrojeni peroksaidi, ile ile ya saloni, pamoja na mwanga wa jua. Unapaka, unafunga na nailoni ili isikauke, unaanika, unageuza mara kwa mara usije ukapata mabaka. Vaa glavu. Mimi niliona ni ushamba kuvaa glavu, na vidole vikawa vyeupe na kuwasha hadi jioni.

Ujanja ni kwamba jua la Kedowa ni kali likiwepo, kwa sababu tuko juu sana, ila halikai. Asubuhi linawaka, saa nane mawingu yanashuka toka msituni, saa tisa unavaa sweta. Kwa hiyo niliamua kufanya upande mmoja kila siku.

Kabla ya kupaka nililiosha kwa sabuni. Maji yalitoka kahawia. Ulikuwa moshi wa kuni, miaka yote ya moshi wa jikoni kwetu ukipita mlangoni kuingia sebuleni. Nikayamwaga kwenye nyasi bila kufikiri. Kisha nikapaka dawa, nikafunga, nikaketi kwenye kigoda kulinda kuku wasilipindue.

Ukikaa saa nne ukichunga gari la plastiki, utafikiri utake usitake. Nilianza na lile swali la rafiki yangu: je, kupausha ni uongo? Nikajibu kwamba kupausha si uongo. Tunapaka nyumba rangi, tunashona viatu, hakuna anayetuita matapeli. Uongo uko katika kunyamaza. Maana peroksaidi haiifanyi plastiki kuwa changa tena. Inaondoa rangi tu; ikiwa imeshakuwa dhaifu itabaki dhaifu, na manjano yanaweza kurudi, hata gizani. Anayenunua weupe bila kuambiwa amenunua ujana ambao haupo. Nikaridhika kabisa na jibu hilo. Nikajiona mwanafalsafa.

Lakini kulikuwa na jambo lingine lililonikera, nikashindwa kulishika vizuri. Manjano yalikuwa ya plastiki yenyewe, yalitoka kiwandani ndani ya mchanganyiko wake, yakangoja wakati. Moshi ndio ulikuwa wetu. Kile nilichokiita uchafu nikakimwaga asubuhi ndicho kitu pekee kwenye lile gari kilichotoka nyumbani.

Jioni nikafungua nailoni. Upande wa kushoto ulikuwa mweupe kama meno ya mtoto. Nikaingia nalo jikoni nikijidai, nikamwonyesha Mama.

Alilishika, akaligeuza polepole kwenye mwanga wa moto. "Kwa nini umefanya hivi?"

"Nimelirudisha, Mama. Lilivyokuwa."

"Lilivyokuwa lini?"

"Wakati Baba alilileta."

"Nani alisema lilikuwa jeupe?" Akanirudishia. "Baba yako alilitoa kwenye karatasi ya gazeti, hapo mlangoni, likiwa na rangi ya mahindi. Hata tulicheka. Nilimwambia umeuziwa gari lenye homa."

Nilikuwa na umri wa miaka minne 1996. Picha ya gari jeupe juu ya runinga, ambayo ningeapa nimeiona, sijui niliipata wapi. Labda kwenye gazeti, labda kwenye simulizi za baba. Weupe niliokuwa narudisha ulikuwa wa mtoto mwingine, wa nchi nyingine, aliyebandika stika ya mlango wa kushoto ikaenda upande kidogo kabla hajachoka nalo. Nilipolipausha nililipeleka kwenye siku ambayo baba alikuwa bado hajakutana nalo.

Nikajaribu kujiokoa. Nikaanza kumwambia Mama jinsi vitu vinavyopaswa kuachwa vizeeke, nikatolea mfano sotet lake la mursik lililoning'inia ukutani, jeusi, limeshonwa mahali lilipopasuka. Nikasema hakuna anayelipausha lile.

Hapo ndipo alikasirika kidogo. "Hilo nalisugua kwa sosiot kila mara kabla sijatia maziwa. Ningeliacha lizeeke unavyotaka wewe, ungekunywa funza." Akaongeza kuni. "Sijakataa lisafishwe. Hata hilo moshi nilitaka litolewe kitambo. Ila ungeniuliza."

Sikuwa na la kujibu, na sina mpaka leo. Nilikuwa nimemaliza siku nzima nikiuliza kama ni haki kumficha mnunuzi, mtu ambaye hata simjui, na mara moja haikunijia kumuuliza aliyelifuta vumbi kwa karibu miaka thelathini. Nilidhani gari ni la baba, na kwa kuwa baba hayupo, ni langu. Watu wengi tunaotoka mjini na chupa zetu tunafikiri hivyo, tukifika nyumbani tunaanza kuokoa vitu ambavyo havikuomba.

Chupa ya pili sikuifungua. Niliporudi Nairobi nilimtumia rafiki yangu picha mbili, upande kwa upande, nikamwandikia kila kitu: dawa gani, saa ngapi, na kwamba halikuwahi kuwa jeupe kwetu. Akajibu kwamba la nusu-nusu hawezi kulichukua hata kwa elfu moja. Kisha akauliza kama bado naweza kumalizia ule upande mwingine.

Gari liko Kedowa, juu ya kabati, runinga ile ilishakufa. Mama amelirudishia kitambaa chake. Nilipopiga simu ya video wiki jana niliona amelipanga vizuri, upande mweupe ukitazama ukuta.