Kaharabu na Saa ya Dhiki: Kuhusu Maadili ya Kukusanya Mapambo ya Kale ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya

1.0 Utangulizi

Mapambo ya kale yana mvuto ambao ni vigumu kuukana. Mtu anayekishika kidani cha kaharabu kilichovaliwa na wanawake wa vizazi viwili au vitatu huona jinsi shanga zilivyolainika kwa kusuguana na ngozi, jinsi matundu yalivyopanuliwa na uzi, na jinsi hirizi ya fedha inayoning'inia katikati ilivyofutika nakshi upande uliokuwa ukilala kifuani. Hata hivyo, mvuto huo haukosi wasiwasi. Mkusanyaji mwaminifu hawezi kukitazama kidani hicho ndani ya kabati la kioo bila kujiuliza kimefikaje pale, na aliyekivua alikivua kwa nini.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza wasiwasi huo kwa kurejelea mapambo ya wanawake wa Kisomali wa Garissa, Wajir na Mandera. Tunadai kwamba wasiwasi huo una haki, lakini aghalabu huelekezwa mahali pasipo pake. Husemwa kwamba kosa ni kukitoa kitu mikononi mwa jamii iliyokiunda. Sisi tunaona kwamba suala zito zaidi ni saa ambayo kitu hicho hununuliwa, na jinsi saa hiyo inavyofutwa baadaye. Suala hili si geni kwa mwanafunzi wa fasihi, kwani nasi tunaishi kwa kukusanya: tunakwenda nyanjani, tunarekodi, tunarudi mjini na vya watu.

2.0 Ukale ni Nini?

Lugha ya Kiswahili yenyewe inatupa pa kuanzia. Neno fedha hutaja madini, na papo hapo hutaja pesa. Na katika historia ya Pembe ya Afrika mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Sehemu kubwa ya madini yaliyotumiwa na wafua fedha wa eneo hilo ilitokana na riale za Maria Theresa, sarafu ya Austria yenye uzito wa gramu 28 hivi, iliyotumika Ethiopia, Somalia, Uarabuni na hata Zanzibar. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na tangu hapo sarafu yake imeendelea kupigwa chapa ikiwa na mwaka huo huo, si Vienna tu, bali pia Roma, London na Bombay katika miaka ya 1930 na 1940. Kwa hiyo riale iliyoandikwa 1780 yaweza kuwa na umri mdogo kuliko bibi aliyeivaa.

Kaharabu nayo ina kitendawili chake. Iliyo halisi ilisafiri kutoka mwambao wa Bahari ya Baltiki. Pamoja nayo ziliuzwa shanga za sandarusi na, baada ya Leo Baekeland kuvumbua plastiki yake mnamo 1907, shanga za plastiki zenye rangi ile ile ya asali. Mnunuzi mjuzi huzitumbukiza shanga katika maji yaliyokolea chumvi: kaharabu huelea, plastiki ile huzama. Jaribio hilo ni sahihi kisayansi. Lakini kwa mjukuu aliyeachiwa kidani, ushanga uliozama na ule ulioelea vilikaa kwenye uzi mmoja, juu ya kifua kimoja. Maji ya chumvi hayawezi kumwambia mtu ni upi uliovaliwa harusini.

Sheria haitusaidii sana katika hili. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 hukihesabu kitu kinachohamishika kuwa cha kale iwapo kiliundwa au kuingizwa nchini Kenya kabla ya mwaka 1895, yaani mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake hapa. Kidani kilichotungwa miaka ya 1930 kimo nje ya mpaka huo. Basi ukale unaomvutia mkusanyaji si ule wa sarafu, wala wa maabara, wala wa sheria. Ni ukale wa kutumika: alama za maisha ya mtu fulani. Hapo ndipo ugumu wetu unapoanza, kwa sababu mkusanyaji anavutiwa na maisha ambayo, kwa kukinunua kitu, anayakatisha.

3.0 Akiba Haiozi

Ikumbukwe kwamba mapambo haya hayakuundwa ili yakae milele. Kwa jamii ya wafugaji wanaohama kufuata malisho, mali yafaa iwe na miguu au ibebeke mwilini. Ng'ombe, ngamia na mbuzi ni mali yenye miguu. Kidani na bangili ni mali ya mwilini. Zaidi ya hayo, katika sheria ya Kiislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Mapambo aliyopewa kama mahari ni yake, na mume hana idhini ya kuyauza. Kwa hiyo kidani kilikuwa pambo, na pia kilikuwa hazina ya mwanamke katika uchumi ambamo mifugo mingi ilihesabiwa kwa jina la mwanamume.

Hazina hutunzwa ili siku moja itumiwe. Mfua fedha aliyeyeyusha riale ili aunde hirizi hakuona kwamba anaharibu sarafu, na aliyeyeyusha hirizi ya mama ili aunde bangili ya binti hakuona kwamba anaharibu urithi. Jirani zao Wagabra wamekuwa wakiyeyusha sufuria za alumini na kuzifanya mapambo ya wanawake. Walter Benjamin, katika insha yake ya mwaka 1935 kuhusu Paris, alimwona mkusanyaji kama mtu anayeviokoa vitu kutoka katika utumwa wa kufaa kwa kazi. Kwa mwanamke wa Garissa hoja hiyo ingekuwa ya ajabu. Kufaa ndiyo heshima ya kidani chake, na kuuzika ni sehemu ya kufaa huko.

Pia hatuna budi kukiri kwamba wapo walioyaacha mapambo haya kwa hiari. Wengi wamependelea dhahabu. Wengine, kwa mafunzo ya dini, wameiona hirizi kuwa jambo linalogusa tauhidi, wakaona afadhali kuachana nayo. Neno lenyewe ni moja kwetu na kwao: hirizi ya Kiswahili na xirsi ya Kisomali yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kinga. Mwanamke aliyeamua kwamba kinga yake haimo ndani ya kijaluba cha fedha ana haki ya kukiuza bila kuhurumiwa na yeyote. Kusema kwamba kila hirizi inayouzwa ni jeraha la utamaduni ni kumnyima mwanamke huyo akili yake.

4.0 Saa ya Kuuza

Ikiwa kuuza si kosa, wasiwasi wetu unatoka wapi? Unatoka katika kalenda. Eneo la Kaskazini Mashariki liliishi chini ya hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991. Katika kipindi hicho kulikuwa na vita vya shifta na ukame wa 1984. Hali hiyo ilipoondolewa, dola ya Somalia ilikuwa imesambaratika, na kambi za Dadaab zikafunguliwa: Ifo mwaka 1991, Dagahaley na Hagadera mwaka 1992. Mwaka 2011 njaa ilitangazwa kusini mwa Somalia, na kambi hizo zikawa na watu zaidi ya 400,000. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa kwa mfululizo. Kila tukio la namna hii ni saa ambayo mwenye akiba hulazimika kuigusa.

Wafugaji wanaujua vyema utaratibu wa saa hiyo. Ukame ukizidi, kila mtu hupeleka mbuzi sokoni kwa wakati mmoja. Bei ya mbuzi huanguka huku bei ya mahindi ikipanda. Kidani hufuata kanuni hiyo hiyo: wauzaji ni wengi, wanunuzi wachache, na anayeweza kungoja ni mnunuzi peke yake. Wasomaji wa riwaya ya John Steinbeck, The Pearl (1947), watakumbuka wanunuzi wa lulu wanaojifanya washindani ilhali wote wanamtumikia bwana mmoja. Katika saa ya dhiki hakuna haja ya njama. Njaa hufanya kazi ya bwana huyo.

Fikihi ya Kiislamu inalijua suala hili. Aya ya 29 ya Sura An-Nisaa inaiwekea biashara sharti la maridhiano, na wanazuoni wamejadili kwa kina biashara ya aliyebanwa na dharura. Kinachojadiliwa ni ridhaa. Anayesema ndiyo ilhali hawezi kusema hapana ametoa sauti, lakini ni shaka kama ametoa ridhaa. Huu, kwa maoni yetu, ndio wasiwasi wa kweli wa mkusanyaji. Nao huzidishwa na kitendo cha pili: maelezo ya kidani kabatini hutaja jamii, madini na karne, lakini hayataji mwaka wa kununuliwa wala bei. Kilichofutwa ni ile habari moja inayoweza kumshtaki mwenye kabati.

5.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni zito. Asiponunua mkusanyaji, mwanamke yule atakula nini? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na ni rahisi kwa msomi kukataa kununua huku akiiita hofu yake maadili. Tunakubali. Kutonunua peke yake hakumwokoi mtu. Lakini pingamizi hili linachukulia kwamba njia ni mbili tu. Ipo ya tatu, nayo ni ya zamani: rehani, ambayo Kurani inaitaja katika aya ya 283 ya Sura Al-Baqara. Mwenye pesa hukopesha bila riba, hukishika kidani kama dhamana, na mvua zikirudi mwenyewe hukikomboa. Anayekipenda kidani kwa dhati angeweza kuwa mshika rehani wake. Akikataa, basi amekiri kwamba alichokitaka tangu mwanzo ni bei ya ukame.

Pingamizi la pili husema kwamba tatizo ni ugeni wa mkusanyaji. Ni kweli kwamba vitu vingi vya Kenya vimo nje. Ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, majirani wa Garissa, imo katika Makumbusho ya Uingereza. Joseph Murumbi, Makamu wa Rais mwaka 1966, alionyesha kwamba Mkenya naye anaweza kukusanya kwa mapenzi na kwa faida ya umma, na sehemu ya mkusanyo wake huonekana katika jengo la Nyaraka za Taifa, Nairobi. Hata hivyo uzalendo hauibadilishi saa. Tajiri wa Nairobi anayenunua Garissa wakati wa ukame na mtalii anayenunua siku hiyo hiyo wamelipa bei moja kwa sababu moja.

6.0 Hitimisho

Kuna tofauti kati ya kidani na shairi. Mwimbaji akiimba mbele ya kinasa sauti, wimbo unabaki kwake. Aliyevua kidani anabaki na shingo tupu. Lakini sisi pia tumezoea kuifuta saa. Tunaandika jina la utanzu na kabila la mtambaji, tunaacha kuandika kwamba alituimbia siku ambayo mgao wa chakula ulichelewa, na kwamba tulimpa shilingi kadhaa. Tukidai uwazi kwa mkusanyaji wa kaharabu, hatuna budi kuudai kwetu.

Linabaki swali ambalo hoja zetu hazilimalizi. Vidani vingi tayari vimo makabatini, na waliovivua hawajulikani tena. Hakuna wa kumrudishia, wala hakuna rehani ya kukomboa. Kwa hivyo tunapendekeza jambo dogo. Mwaka wa kununuliwa na bei viandikwe kando ya jina la jamii. Na pale visipojulikana, iandikwe kwamba havijulikani. Maandishi hayo hayatamlisha yeyote. Yatamzuia tu mtazamaji kuufurahia ulaini wa shanga bila kukumbuka kwamba zililainishwa na mtu, na kwamba mtu huyo alizivua siku moja ambayo ina tarehe.