Mwaka Usio na Maksi

Kijana wa Tanzania anayemaliza kidato cha sita leo bila kukwama popote amekaa darasani miaka 13 tangu darasa la kwanza. Katika miaka yote hiyo, karibu kila alichokiandika kilikuwa na mtu wa kukisahihisha. Akipata anawekewa tiki, akikosa anawekewa mkasi, na daftari likijaa kazi yake ya mwisho duniani ni kufungia karanga. Mei anamaliza mtihani wa taifa, Julai matokeo yanatoka, na Oktoba au Novemba vyuo vinafunguliwa. Wengine hupita kwanza katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa miezi michache. Kisha kusahihishwa kunaendelea, safari hii kwa GPA.

Najiuliza kama mtu anaweza kujua anachokijua kabla hajafanya hata jambo moja lisilo na msahihishaji. Naamini hawezi. Ndiyo maana naunga mkono kijana akae mwaka mmoja nje ya masomo kabla ya chuo kikuu, ingawa sababu zinazotajwa mara nyingi hazinishawishi. Husemwa apumzike, lakini uchovu wa mtihani huisha kwa wiki chache. Husemwa aione dunia, na hilo linataka nauli ambayo nyumba nyingi hazina. Husemwa ajitafute. Sijamwona aliyejipata kwa kujitazama; watu huzijua nafsi zao wakiwa wameshughulika na kitu kingine kabisa.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikaa mwaka mzima kwa sababu jina lake halikutokea kwenye orodha ya waliopewa mikopo ya chuo. Akaenda kujitolea kufundisha hisabati katika shule moja ya kata. Siku aliyofika kwenye kuzidisha namba kwa logi, aliandika ubaoni hatua zilezile zilizompatia A: tafuta logi ya namba ya kwanza, tafuta ya pili, jumlisha, kisha rudi kwenye jedwali. Msichana wa kidato cha pili akanyoosha mkono. “Mwalimu, si tunazidisha? Mbona sasa tunajumlisha?” Miaka yote ya kusoma hisabati, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Hakuwa na jibu, akamwambia atamjibu kesho. Usiku akakaa na karatasi hadi akaliona, na asubuhi akaandika ubaoni 100 mara 1,000. Hapa sifuri mbili, pale sifuri tatu, jibu lina sifuri tano. Tumezidisha namba kwa kujumlisha sifuri zake, na hizo sifuri ndizo logi. Darasa likaitikia “Aaa!” kwa pamoja.

Hakuna aliyempa maksi kwa jibu lile, na kwangu thamani yake yote iko hapo. Mbele ya msahihishaji, jibu sahihi limeshafika mwisho wa safari, na ukikosa hasara ni yako peke yako. Mbele ya darasa lile, jibu lilikuwa na pa kwenda, yaani kichwani mwa msichana yule. Lisipofika huko, usahihi wake haumsaidii mtu, na gharama ya kukosea inalipwa na watoto 60 ambao hawakukosea chochote. Kujua kunabadilika sura pale mwingine anapoegemea ujuzi wako. Mwanafunzi ni mtu ambaye kwa miaka 13 wengine wamejipinda kwa ajili yake. Mwaka wa katikati una maana ukimgeuza, hata kidogo, awe mtu anayetegemewa.

Nchi hii iliwahi kulichukua wazo hili kwa uzito mkubwa. Mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, TANU, chama tawala cha wakati huo, iliamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja; afanye kazi kwanza, angalau miaka miwili, na aingie akiwa na mapendekezo ya aliofanya nao kazi na ya chama. Naliona wazo hilo kuwa la haki. Mkulima anayemlipia mtu asome ana haki ya kuonana naye kwanza. Lakini mapendekezo yale yalimrudisha msahihishaji kwa mlango wa nyuma. Aliyekuwa akisahihishwa na mwalimu sasa alisahihishwa na mkuu wa kazi na tawi la chama, na kijana mwerevu hachelewi kujua msahihishaji anapenda nini.

Kuna atakayeniuliza: kijana wa logi naye si alilazimishwa na kukosa mkopo? Kweli. Hakuuchagua mwaka, ila alichagua ndani ya mwaka. Kulazimishana kwenyewe tulishakujaribu hata kabla ya Musoma: Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya utumishi wa taifa, likiwemo la kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Rais wa nchi, Mwalimu Nyerere, akawarudisha nyumbani zaidi ya 300, na akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kitendo hicho cha pili nakiheshimu sana. Hata hivyo amri inaweza tu kumfikisha mtu mahali anapohitajika. Kulisikia hitaji lenyewe kunabaki juu yake. Na nisieleweke kwamba kukosa mkopo ni baraka. Wengi wanaokosa hawapati darasa la kufundisha, wanapata kijiwe.

Msichana naye ana hatari yake ya pekee. Akibaki nyumbani, kutegemewa hakumpiti: bibi mgonjwa, wadogo zake, genge la mama. Kwa kipimo changu hiyo ni kazi yenye maana kuliko safari nyingi. Tatizo ni kwamba kazi hiyo haina siku ya kuisha, na kila mwezi anaonekana kuzoeleka zaidi pale alipo. Sharti la Musoma lilipoanza kutumika, idadi ya wasichana chuoni ilishuka, na ndani ya miaka michache wakaondolewa sharti hilo. Kwa hiyo kwa binti, naomba wazazi wakubaliane naye kabla mwaka haujaanza: siku ya kuondoka itajwe mbele ya baba, mama na wajomba, fomu za chuo zijazwe mapema, na ijulikane nani atashika zamu ya bibi yeye akishaondoka.